Dirisha Alilokatiwa Ng'ombe

Mwaka wa hamsini na nne, pale Machochwe, moshi nyumbani kwa jirani yangu Matiko ulikuwa mzito hivi: akiingia alivua koti akalitundika hewani, na koti halikuanguka. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja mfupi, basi. Mkewe Gati alikohoa masika nzima, mwishowe akafunga mzigo akarudi kwao Ringwani. Akatuma neno: "Mwambieni mimi si nyama ya kukaushwa. Atoboe ukuta nirudi. Asipotoboa, aoe moshi."

Matiko akawa anajipikia ugali ambao hata mbwa wake aliuheshimu kwa mbali. Akashika sururu, akatoboa dirisha la haja. Lakini Mkurya mwenye mifugo humuwaza mwizi kwanza, kwa hiyo akalielekeza zizini, alale akiziona pembe.

Gati akaja. Jioni ng'ombe wakarudi machungani, upepo ukazoa vumbi la samadi ukalimwaga ndani lote. Kutoka hakuna. Likakutana na moshi, vikaoana. Nilimwona kunguru akiingia anaruka, alitoka anatembea.

"Dirisha hili umewakatia ng'ombe," Gati akasema, akipiga chafya. "Hewa imeingia, itokee wapi? Toboa na ng'ambo."

"Ng'ambo ni kwa baba."

Kwetu mtu na mke wa mwanawe hawatazamani, na mlango wa baba yake, mzee Wangwe, ulikuwa hapo hapo.

"Toboa juu basi, chini ya nyasi za paa. Moshi wenyewe unakaa huko. Au baba ana shingo ya twiga?"

"Kesho."

"Kesho mimi niko njiani."

Matiko akatoka nje, akageuza kinu, akasimama juu yake, akatoboa. Moshi wa miaka yote ukatoka kwa mkupuo. Watu wa Ikoma wakaanua mtama wao wakidhani mvua. Ndani, koti likaanguka.

Mzee Wangwe akajua nyumba inaungua. Akaja mbio na mtungi wa maji, macho ameyafumba asije akamwona mkwewe, akaurushia maji ukuta wote.

"Nimeuzima moto?"

"Umenizima mimi, baba," Matiko akajibu kutoka kwenye kinu, anachuruzika.

Ndani Gati akaanza kucheka. Alicheka kicheko kirefu, akakimaliza chote bila kikohozi kukikatiza, kisha akafungua mzigo.