Bahasha ya Saba

Kisu cha Mama Masijala hakikuwa na macho. Kila Jumatatu asubuhi alizipanga mezani barua zote za mfuko wa kibalozi, migongo juu, akazipasua moja baada ya nyingine kama mtu anayepasua maganda ya kunde, ndipo akazigeuza kuona zimeandikiwa nani. Ndivyo alivyofundishwa miaka thelathini iliyopita, na hakuna aliyewahi kuuona ubaya wake.

Jumatatu hii alipoigeuza bahasha ya saba, alikuta haikuandikiwa wizara. Iliandikiwa wajumbe wa nchi jirani, ile ndogo ya ng'ambo ya mto, waliofika mjini juzi kwa mazungumzo ya daraja. Karani wa kwao alikosea fungu. Mama Masijala alipaswa kuifunga palepale, lakini macho hayana pazia. Maneno yalikwisha kumwingia: *Kataeni siku mbili. Wakitishia kulifunga daraja, kubalini askari wao wakae upande wetu.*

Ghorofani, mkurugenzi alikuwa akijiandaa kwa mazungumzo hayohayo, na karatasi ile ingemfaa kuliko washauri wake wote. Alikuwa kijana hodari, mwenye suti zisizojua mkunjo, aliyeingia wizarani nchi ikiwa imekwisha nona: viwanda, reli mpya, jeshi lenye ndege zake. Siku hizi majirani walikuja kwa unyenyekevu, wakasubirishwa ukumbini hadi chai ikapoa. Mama Masijala aliikumbuka enzi waziri wa nchi hii alipokuwa yeye wa kusubirishwa, kutwa nzima, katika korido za watu. Zilikuwa siku za dhiki, na ajabu ni kwamba alizipenda. Wizara nzima ilikuwa na taipureta mbili, na waziri alishuka ngazi mwenyewe kuuliza, "Jamani, jirani hajatujibu?"

Ni katika enzi hizo Mama Masijala naye alipofanya kosa lake. Ulikuwa mwaka wa njaa. Waziri alimwandikia balozi wake wa ng'ambo aombe nafaka, na akikataliwa, awaachie majirani malisho ya kando ya mto. Mama Masijala, msichana bado, kwa haraka zake akaitumbukiza barua ile katika fungu la wizara ya jirani. Alipogundua, mfuko ulikuwa umekwisha vuka mto. Siku nne alisubiri kufukuzwa kazi. Siku ya tano mfuko ulirudi na barua yake ndani, ukingo umebandikwa upya kwa gundi, pamoja na kikaratasi chenye mwandiko wa kulala wa karani wa huko: "Dada, hii ilipotea njia. Sijaisoma."

Nafaka ikaja, malisho yakabaki. Tangu hapo, kwa miaka ishirini na sita, makarani wawili wasiowahi kuonana walijuliana hali pembeni mwa hati za kupokelea barua. Goti lako vipi? Binti ameolewa? Huku mvua imegoma. Kisha mwandiko ule ukakoma, ukaja wa mashine, na hakuna aliyemwambia Mama Masijala alikokwenda kaka yake wa ng'ambo. Alimlilia peke yake, maana angemweleza nani kwamba amefiwa na mwandiko?

Mlango ukafunguka.

"Shikamoo, mama. Za jirani zimefika?" mkurugenzi aliuliza.

"Marahaba, mwanangu. Hizo hapo, sita."

"Za maana?"

"Maana utaitafuta wewe. Mimi kazi yangu kupasua."

Alicheka, akazikusanya. Mlangoni akasita. "Wakubwa wanataka askari wetu wavuke daraja. Laiti ningejua hawa watu watashikilia mpaka wapi, wataachia wapi! Hamna kingine?"

Ya saba ilikuwa chini ya kiwiko cha Mama Masijala. Nchi hii ilimlisha, ikamsomeshea wanawe. Na kijana huyu ndiye aliyelibeba jeneza la mumewe.

"Hamna," alisema.

Alipobaki peke yake alichukua gundi, akaubandika ukingo, kisha akaandika kikaratasi: "Ndugu, hii ilipotea njia." Kalamu ikasita kabla ya kumalizia: "Sijaisoma." Aliyatazama maneno hayo mpaka machozi yakamlengalenga. Kumbe! Miaka yote hiyo alimwamini. Sasa alijua kwamba kaka yake naye aliisoma, kuanzia salamu hadi sahihi. Saa saba aliipeleka bahasha mwenyewe, kwa miguu, hadi ubalozi wa jirani.

Jumanne jioni mkurugenzi alishuka masijala, tai imelegea.

"Wagumu wale, mama. Siku ya pili leo, ni hapana tu, tena kwa adabu! Kesho naambiwa niwatishie kulifunga daraja." Akajikuna kidevu. "Wewe umewasiliana nao tangu zamani. Wataogopa?"

Mama Masijala alikiweka kisu chini. Angeweza kusema hajui, na mambo yangeishia hapo.

"Mwaka wa njaa," alisema, "wao ndio walikuwa wakubwa, sisi tunaomba. Walijua tutaachia wapi."

"Walijuaje?"

"Walijua. Na hawakutubana."

Mkurugenzi alitazama saa yake, akatazama mlango, kisha akavuta kiti akakaa kumsikiliza.