Kumi ni Sawa na Tatu

Rula alipewa sifuri kwa jibu sahihi. Swali lilikuwa na milinganyo ya mistari miwili, na walitakiwa kupata mlinganyo wa mstari wa tatu unaopita pale miwili hiyo inapokutana. Wenzake walianza kwa kutafuta nukta ya makutano. Yeye hakuhangaika nayo. Alizidisha mlinganyo mmoja kwa k, namba isiyojulikana, akaujumlisha na mwingine, akaingiza nukta ya ziada waliyopewa ili aipate k, akamaliza. Njia hiyo ya mkato alifundishwa na mama yake, jikoni, kwenye meza ya kulia chakula.

"Umeibia jibu," alisema mwalimu wa hesabu. "Makutano yako wapi? Darasa hili la mkondo wa hesabu utalihama."

Asubuhi iliyofuata mama yake, msimamizi wa kiwanda cha mikate, aliingia darasani na unga bado viatuni.

"Mwanangu haibii. Mpe swali lingine hapa hapa, nikiona."

"Karibu, mama. Keti." Mwalimu akaandika ubaoni: 2x + y − 5 = 0, na 4x + 2y − 3 = 0. "Mstari upite kwenye makutano yake na kwenye (0, 0). Akiweza, abaki. Akishindwa, afungashe."

Chaki ilikimbia. Rula akaandika 2x + y = 0, akaupigia mstari chini. Mama akaligeukia darasa, kidevu juu.

"Safi," alisema mwalimu. "Sasa nionyeshe mistari ile miwili inakutana wapi."

Rula akazidisha mlinganyo wa kwanza kwa mbili ili autoe kwenye wa pili. Akapata 4x + 2y = 10; chini yake 4x + 2y = 3.

"Soma, binti. Kwa sauti."

"Kumi... ni sawa na tatu."

Darasa likalipuka. "Ndiyo maana mikate yao imepungua!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Haikutani," alisema mwalimu. "Ni kama reli. Umepitisha mstari kwenye nukta isiyokuwepo. Nani alikufundisha ujinga huu?"

Rula akamgeukia mama yake. Mama alikuwa ameinama, akipangusa unga viatuni.

"Mimi sijui," alisema mama. "Labda wenzake."

"Kumbe aliibia kweli." Mwalimu akampa Rula dasta. "Futa, kisha chukua mkoba wako."