Inua Mkono, Mama Vinny

Molly hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali nilikokatwa titi la kushoto, na siku nilipotolewa nyuzi alinishika kiwiko, akauinua mkono polepole mpaka nikapiga kelele.

"Hapo ndipo umefika," akasema. "Kwa mashine ya mionzi utalala na hii mkono juu ya kichwa, robo saa, bila kutingisha hata kidole. Usipoweza, watakurudisha nyumbani. Na hii ugonjwa haingojangi mtu."

Akaniandikia tarehe kwenye faili: Jumatatu, wiki saba kutoka siku ile.

Basi nikaanza. Kila asubuhi baada ya kukama nilisimama jikoni mbele ya ukuta wa udongo, nikavitembeza vidole kwenda juu, pole pole kama kupe anayepanda mguu wa ng'ombe, mpaka kwapa likawaka moto. Pale viliposhindwa, mume wangu Kipyegon alichora alama kwa mkaa. Kisha nililala chali kitandani nikashika kwa mikono miwili ule ufito wa shambani, ule tunaoulaza juu ya majani ya chai ili tuchume kwa usawa, nikauvuta kuelekea nyuma ya kichwa. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Sijui ni nani aliyesema kwamba maumivu humfanya mtu kuwa mpole. Mimi yalinifanya pilipili. Kipyegon akichelewa na mkaa wake, nilimtukana, na alistahili.

Mama mkwe wangu, Tecla, alikuwa na maoni. Yeye huwa nayo hata juu ya mvua. Siku ya tatu alisimama mlangoni pa jikoni, mikono kiunoni.

"Mgonjwa gani huyu anakwaruza ukuta kama kuku? Kama hiyo mkono inaweza kupanda, si ishuke ikachume majani?"

"Mama, daktari alisema nisibebe kikapu mpaka nimalize matibabu. Mkono itavimba."

"Na huyo daktari yako, anachuma majani ya nani?"

Nilirudisha vidole ukutani. Kufikia wiki ya sita alama zilikuwa kumi na moja, na ile ya kumi na moja ilikuwa juu kabisa, karibu na boriti. Niliifikia asubuhi ya Jumapili. Nililia kwa furaha peke yangu, masizi yakiniangukia machoni, halafu nikavaa nikaenda kanisani na watu wangu.

Hapo ndipo nilipokosea. Mchungaji Noah alisema mwenye shukrani ainue mikono, na mimi nilikuwa nayo tele. Nikajisahau. Nikainua yote miwili.

Tecla, aliyekuwa kando yangu, akapiga yowe. "Mkono! Mkono ya mama Vinny!" Kufumba na kufumbua nilikuwa mbele, akina mama wakipiga vigelegele, kwa maana wote walikuwa wamenijua kwa ule mkono uliolala mapajani tangu nitoke hospitali.

"Ni mazoezi, mchungaji," nikasema. "Kila siku nafanya, kwa ukuta."

Noah akacheka, kanisa zima likacheka naye. "Mazoezi ni ya wakimbiaji, mama! Wewe umeponywa."

Akauliza kama bado nina makaratasi ya hospitali. Kipyegon ndiye aliyejibu kwamba yako chini ya godoro, na ndiye aliyekwenda kuyaleta, akitokwa na jasho kwa furaha. Noah akaliweka faili langu kwenye madhabahu, chini ya kitambaa cheupe. Lingekaa hapo wiki nzima, akasema, mpaka Jumapili ijayo askofu akija kulipokea pamoja na ushuhuda wangu. Aliyeponywa na Mungu akirudi kwa madaktari anamtukana Mungu. Watu wakasema amina. Na bila faili lile, lenye barua na tarehe yangu ya Jumatatu, hakuna mtu ambaye angenifungulia mlango wa ile mashine.

Nilimwambia Kipyegon usiku huo huo. "Wewe umechora alama. Umeona vile mkono ilipanda, kidogo kidogo."

"Naona," akasema. "Lakini mama amefurahi sana."

Jumatatu asubuhi Tecla aliniletea kikapu. Alikitua miguuni pangu na ufito wangu ukiwa ndani yake. Nani angebisha? Nilikuwa muujiza, na muujiza haubaki nyumbani majani yakikomaa. Nikachuma Jumatatu, nikachuma Jumanne, mkanda ukinikata begani upande ule ule wa kovu. Jumatano vidole vilikuwa vimevimba hata havikunjiki. Alhamisi pete ya ndoa ilianza kunikaza mpaka kidole kikageuka cheusi, na Kipyegon akaikata kwa koleo ya kukatia waya. Alisikitika sana, kwa ajili ya pete.

Ijumaa nikiwa kati ya mistari ya chai nilipata akili. Walikuwa wamelichukua faili kwa sababu mkono uliinuka. Basi ungelala.

Jumapili kanisa lilijaa hadi uani. Watu walitoka Silibwet, wengine Bomet mjini, kuja kuona. Askofu aliketi mbele na taulo shingoni, na Noah akaniita akiwa amevaa suti mpya.

"Inua mkono, mama Vinny!"

Nikainua wa kulia. Wa kushoto nikauacha ukining'inia.

"Ule mwingine, mama."

"Imekataa, mchungaji."

Wakaimba kwanza. Wimbo ulipoisha na mkono uko pale pale, Noah akaja mwenyewe. Akaushika kifundoni akauvuta juu kwa nguvu, na kitu kikachanika begani, nikaona nyota. Nilijua nikikaza msuli mmoja tu atahisi. Nikaulegeza kama nguo iliyolowa. Alipouachia ukaanguka, ukapiga paja langu kwa sauti iliyosikika. Akauvuta tena. Ukaanguka tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeuma ulimi mpaka damu. Niliwachukia wote waliokuwa mle ndani. Nikamtafuta Kipyegon kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Umeficha dhambi gani?" Noah akauliza, kipaza sauti kikinigusa mdomo.

Tecla alinijibia kutoka kiti chake. "Mdomo! Anatukana bwana yake kila asubuhi. Mimi nasikia."

Akina mama wakaguna. Mama mmoja niliyemlelea mtoto wake alipokuwa leba akijifungua akasema kwa sauti kwamba ndiyo maana mkono umekataa. Nikaambiwa nipige magoti nitubu, nikapiga, nikatubu. Matusi nilikuwa nimetukana kweli, hilo halikunisumbua. Nilipomaliza nilibaki chini, nikasema kwa sauti ndogo kabisa niliyo nayo, "Mchungaji, basi naomba faili yangu."

Noah akamtazama askofu. Askofu ndiye aliyepunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. "Mpeni makaratasi zake aende. Tuendelee na ibada."

Faili lilitupwa kutoka madhabahuni. Likafunguka hewani, karatasi zikatawanyika sakafuni hadi viti vya mbele. Niliziokota moja moja kwa mkono wa kulia, nikitambaa, maana wa kushoto ulikuwa umekufa na macho mia tatu yaliutazama. Hakuna aliyeinama kunisaidia. Barua yenye tarehe ilikuwa chini ya kiatu cha Tecla. Nilingoja mbele ya mguu wake. Akauinua alipopenda.

Kesho yake Kipyegon alisema ana kazi ya kupeleka maziwa. Hospitali ilitaka mtu wa kunisindikiza, kwa hiyo akaja Tecla, nadhani ili ajionee mwisho wangu. Saa tatu za barabara alinigeuzia mgongo. Nilipoitwa ndani aliruhusiwa kusimama mlangoni, akiwa ameshika viatu vyangu.

Nikalala kwenye meza ya baridi. Kijana aliyeendesha mashine akalitazama bega lililovimba, akakunja uso. "Itawezekana kweli? Inua mkono, mama."

Mkono haukutaka. Kikapu na Noah walikuwa wameuharibu, na palipochanika paliwaka. Nikafumba macho nikauona ukuta wangu. Nikavipandisha vidole hewani, alama ya kwanza, ya pili, ya tano, machozi yakinitiririka hadi masikioni, nikapita ya tisa, nikapita ya kumi na moja, na mkono ukatua juu ya kichwa ukakaa. Nilipofumbua macho Tecla alikuwa amefungua mdomo. Kisha mlango mzito ukafungwa kati yetu, nikabaki peke yangu na mkono wangu juu, robo saa, wala hapakuwa na mtu wa kusema haleluya.

Nilipotoka alikuwa kwenye benchi, viatu mapajani.

"Kwa hivyo ulidanganya kanisa."

"Nilidanganya, mama."

"Jumapili nitasimama niseme. Mbele ya watu wote."

"Sema. Waambie umeona na macho yako hii mkono imeinuka. Watapiga vigelegele tena, watataka faili tena. Lakini faili inabaki hapa kwa daktari mpaka nimalize."

"Kikapu iko pale pale," akasema.

Muuguzi akatoka na kadi yangu akauliza nani atanileta kesho. Tecla akageukia dirishani. Nikasema nitakuja peke yangu. Kisha nikanyoosha mkono wa kushoto, nikachukua viatu vyangu kutoka mapajani pake.