Aliyechagua

Vali kuukuu ilikuwa imeviringishwa kitambaa, na bado iliyadondosha maji yake kwenye mapaja ya Mama Pacha. Muuza vipuri aliiweka kando, akapanga mbili mpya juu ya meza: moja nene kama ngumi ya mtu mzima, nyingine ya kutosha kiganjani mwa mtoto.

"Kazi yake ni kurudisha maji ukiachia bunduki ya kurushia maji, pampu ipumue," alisema. "Mashine yenu ya kuoshea malori presha yake ngapi?"

Mama Pacha alifungua kipande cha boksi. Alikuwa amenakili namba zote za kwenye kibati cha pampu, hata zile asizojua ni za nini.

"Basi ni hii nene, mama. Hii ndogo ni ya kuoshea baiskeli uani. Kuingia itaingia, kubeba haitabeba."

Mama Pacha alimpigia simu bosi wa yadi ya kuoshea malori.

"Ndogo inaingia?"

"Inaingia, bosi. Lakini muuzaji anasema kwa malori..."

"Tangu lini ukasomea pampu? Kinachoingia ndicho hicho hicho. Lete ndogo."

"Sawa, bosi."

Yadini palikuwa na daftari. Kila aliyetumwa kipuri alisaini chini ya neno *Aliyechagua*. Mama Pacha aliandika jina lake herufi moja moja, kama shuleni, asitoke nje ya mstari.

"Mke wangu injinia siku hizi," alitania mumewe, mwosha malori wa yadi hiyo, akiikaza vali. "Kesho utakataa kunipikia."

"Nani kakwambia leo napika?"

Siku ya nne, Baba Pacha alipoachia bunduki ajifute uso, maji hayakurudi. Mpira wa maji ulivimba, ukatoboka kitundu cha sindano. Akaudaka kwa mkono wa kulia, kama mtu anavyodaka kuku. Alipofungua kiganja palionekana kitone cha damu tu, kama aliyechomwa na mwiba.

"Dume zima linalilia maji?" bosi alisema dirishani. "Funga kitambaa. Lori hilo linasubiri."

Alifunga, akalimaliza lori. Jioni vidole vilikuwa vimevimba, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Hospitali waliuliza kwa nini hakuletwa saa ile ile. Maji machafu yalikuwa yamepenya nyama mpaka ndani kabisa. Wakaukata mkono juu ya kifundo.

Sasa asubuhi pacha humfunga baba yao vifungo, mmoja kutoka juu, mwingine kutoka chini. Wakikutana katikati yeye hucheka, kisha hutazama ukutani.

Mama Pacha alikwenda kuomba barua ya kwamba mumewe aliumia kazini. Bosi hakugomba. Alifungua daftari, akaligeuza.

"Soma mwenyewe. Aliyechagua nani?"

"Bosi, si uliniambia kwenye simu?"

"Simu haina mwandiko."

Akavuta droo, akatoa vali nene, ya aina ile ile aliyoikataa kwenye simu.

"Mimi si mnyama. Nafasi ya mumeo iko wazi, watoto wapate kula. Ila saini kwanza, hapo hapo chini ya *Aliyechagua*."

Alisaini. Safari hii herufi zilitoka nje ya mstari.

Bunduki bado ilikuwa na kitambaa alichoviringisha mumewe penye mshikio. Alibonyeza, tope likaporomoka ubavuni mwa lori. Akaachia. Vali nene iligonga mara moja, maji yakarudi, na mpira ukalegea mkononi mwake taratibu, mpole, kama mkono wa mtu aliyepitiwa na usingizi.