Mbwa wa Mtalaka

Fundi na mkewe waliishi kwenye boti iliyotia nanga ghubani, maana kazi yake ilikuwa injini za boti na wateja wake wote walikuwa hapo hapo majini. Mkewe alikuwa msusi wa nywele. Alipoolewa aliikuta boti, na ndani ya boti akamkuta Kifaru.

Kifaru alikuwa mbwa, na jina halikumwonea: kichwa kama ndoo, kifua kama cha mpagazi, na mate ya kutosha kuoshea sitaha nzima. Alilelewa na mtalaka wa Fundi tangu akiwa wa kubebwa kwenye kikapu. Mwanamke yule aliondoka na vyombo vyake na mapazia yake, mbwa akamwacha nyuma. Hilo ndilo lililomchoma Msusi. Tena mume mwenyewe, mvivu hata wa kutafuta soksi zake, ilipofika zamu ya kumpeleka mbwa nchi kavu kujisaidia alikuwa na bidii ya ajabu. Ananyoa ndevu kwanza. Anarudi jua limeshapanda, ametulia.

"Mbona mmekawia?"

"Kifaru alikuwa ananusanusa."

"Kunusa gani huko kusikokwisha?"

Fundi hujifanya hakusikia. Msusi naye roho yote iko juu juu.

Siku moja Fundi aliteleza kwenye ngazi ya chumba cha injini, goti likavimba. Asubuhi yake Kifaru akaanza kulia mlangoni. Fundi akajaribu kusimama, akarudi kukaa bila kuambiwa.

"Nitampeleka mimi," Msusi akasema.

"Humwezi huyu. Ngoja nimwite jirani."

"Kuna nini huko anachoweza kukiona jirani, mimi nisikione?"

"Basi tandika zulia ndani ya kiboti, kucha zisije zikatoboa mpira. Na umkalishe katikati."

Rahisi kusema. Msusi alikivuta kiboti cha mpira ubavuni mwa boti, akashuka, akamwita Kifaru. Kifaru akatazama pembeni kama aliyeitwa na mtu asiyemjua. Msusi akabembeleza, akatukana, mwisho akaukamata mshikio wa koti la kuelea alilovishwa mbwa, akavuta. Mbwa akashuka mzima mzima kama gunia, kiboti kikapinda katikati, maji yakaingia. Kisha akakaa, tena kwenye miguu ya Msusi, akatazama mbele kwa heshima zake huku mwenzake akihangaika na makasia. Walipokaribia mchanga hakungoja. Aliruka, kiboti kikarudi nyuma, Msusi akaanguka chali na miguu juu.

Kabla Msusi hajamaliza kukivuta kiboti mchangani, kamba ya mbwa ilishakazika mkononi. Kifaru hakunusa kitu. Alijisaidia haraka kwenye majani, akakata mtaa, akapita duka la kamba na nyavu, akapita kinyozi, akapinda kwenye duka la dawa, akapanda ngazi za ubavuni. Juu kulikuwa na mlango. Akaukwaruza.

Kumbe!

Mlango ukafunguliwa na mwanamke aliyevaa koti jeupe la wauza dawa. "Karibu, baba, leo utanichelewesha kazini," alimwambia mbwa, kisha akainua macho. Wakatazamana.

"Wewe ni mke wa Fundi."

"Ndiye mimi. Mume wangu huja hapa kila siku?"

"Mbwa ndiye huja kila siku. Mumeo hukaa pale chini." Akaonyesha kizingiti cha duka la mkabala. "Hajawahi kupanda, dada. Chumba changu hakimtoshi Kifaru, kwa hiyo tulipoachana tulikubaliana nimwone kila asubuhi. Mumeo hajakosa kumleta hata siku ya mvua."

Msusi akachungulia kwa jicho la upelelezi. Kitanda kimoja, kikombe kimoja, blanketi kuukuu sakafuni na Kifaru tayari amelala juu yake, tumbo wazi. Alikuja na maneno yake tayari mdomoni, sasa hakuna wa kumwagia. Hata siku ya mvua! Yeye akimwomba Fundi mtungi wa gesi, husubiri wiki.

"Na ndevu? Hunyoa ili akakae kizingitini?"

Mtalaka akacheka kidogo, akaacha. "Hilo muulize mwenyewe."

Alimuuliza aliporudi botini, hata hakungoja zulia likauke. Kwanza Fundi alijitetea kwamba kama angemwambia, angekasirika.

"Nimekasirika!"

"Lakini sijafanya kitu."

"Ndiyo maana! Ungekuwa umefanya, ningejua pa kuanzia. Unamnyolea nani?"

Fundi akashika kidevu. "Sikutaka aone nimechakaa baada yake."

Lilimuuma Msusi, lakini halikuwa uongo. "Kumbe mimi ndiye wa kukuona umechakaa," akasema. "Haya. Kuanzia kesho mbwa ni wangu. Hata goti likipona."

Kesho yake aliamka mapema, akajisuka mistari mipya, akavaa gauni alilolivaa kwenye harusi ya dada yake. Kifaru akaruka vilevile, maji yakamwogesha Msusi mpaka kiunoni. Akazipanda ngazi za duka la dawa kidevu juu, anachuruzika.

Mtalaka akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akaingia ndani, akatoka na taulo. Lilikuwa limejaa manyoya ya mbwa. Msusi akalipokea.