Injini Isizimwe

Taa nyekundu ya betri iliwaka walipofika mtaa wa Tononoka, na Fairuz akaegesha bila kuzima injini. Kwenye kiti cha nyuma babake, Mzee Taib, alikuwa akipumua kwa mashine ya oksijeni iliyotumia umeme wa gari. Nyumbani stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri, na hospitalini walikuwa wakimngoja. Injini ikizima, mashine nayo itazima.

Kenga, fundi wa umeme wa magari mwenye kibanda kando ya uwanja, alifungua boneti injini ikinguruma. Akashika koleo, moja kwa moja kwenye betri.

"Naung'oa waya huu, dada. Gari likiendelea kunguruma, basi altaneta yachaji betri."

Mafundi wengi wa mji huu hupima hivyo, na huponea chupuchupu. Fairuz akamdaka mkono.

"Na lisipoendelea? Babangu yumo ndani! Tafadhali, fundi, tumia mita."

Kenga akasonya, lakini mita akaitoa. Volti kumi na mbili kasoro, badala ya kumi na nne. Betri ilikuwa ikinyonywa bila kulishwa.

"Zima kila kinachokula umeme!" akapaza sauti.

Fairuz akazima kiyoyozi, redio, taa, huku akirudia, "Zima, zima vyote," kama anayesoma uradi. Namba ikazidi kushuka. Haraka haraka haina baraka, wanasema. Waliosema hawakuwa na mzazi kwenye kiti cha nyuma. Kenga akapapasa nyuma ya altaneta, akakuta waya umeliwa na kutu ya chumvi, umebaki kushikilia kwa uzi mmoja. Akaukwangua, akaukaza, cheche zikiruka.

Mita ikapanda hadi kumi na nne.

"Alhamdulillahi!" Fairuz alitamani kumkumbatia. Kisha akatega sikio. Injini ilikuwa ikinguruma. Mashine ndiyo iliyonyamaza.

Akaufungua mlango wa nyuma kwa kishindo. Midomo ya babake ilikuwa imeingia weusi, na plagi ilikuwa mkononi mwake. Akamnyang'anya, akaichomeka.

"Yashika!" Kenga akapiga kelele kutoka mbele. "Kumi na nne, haishuki!"

Fairuz alishapiga magoti kando ya kiti. Alikuwa akilia, akimsugua mzee kifua, akimwuliza kwa nini ameichomoa. Mzee Taib alivuta pumzi kadhaa kabla ya kuweza kusema.

"Nimesikia mwazima vyote vilavyo umeme, mwanangu. Nikaona alaye zaidi ni mimi."