Mawe Yanayolishwa

Mama Mwanne hakuwa mtu wa kudanganywa mara mbili na mtoto mmoja. Mara ya kwanza Seifu alimwambia anakwenda Nyunzu kununua mahindi pamoja na kaka yake Mahmoudi, na mama akawafungia chapati za njiani, akawaombea dua. Kumbe walikuwa wanakwenda Manono, kwenye mashimo ya madini. Seifu alirudi peke yake. Mahmoudi udongo ulimwangukia, akazikwa hukohuko, na mama yake hata kaburi hakuliona.

Aliporudi, Seifu aliapa mkono ukiwa juu ya msahafu kwamba hatagusa tena jiwe. Akapata kazi ya kuzamia samaki wa rangi ziwani, wale wanaosafirishwa hai kwenda kuwekwa kwenye matangi ya vioo ya wazungu. Mama akashukuru. Basi siku Seifu alipotoka bandarini na magunia yaliyoshuka kwenye boti la Kigoma, akayamwaga nyuma ya nyumba na yakatoka mawe, Mama Mwanne alijikuta amekaa chini kabla hajatafuta kiti.

Yalikuwa mawe meupe, yamejaa matundu. Na Manono ya siku hizi jiwe jeupe, lile la lithiamu, ndilo linalogombewa. Kalemie nzima inajua, mpaka wauza maandazi.

"Mama, haya si ya kuchimba," Seifu alisema. "Njo mawe ya bahari, yametoka pwani kupitia Kigoma. Papa Blanchard anataka tangi la samaki wa bahari kwa hoteli yake. Samaki wakiishi, kazi ya kuwachunga ni yangu. Sitatoka tena Kalemie."

"Samaki wa bahari? Na ziwa lote hili mbele ya mlango wake?"

"Njo vile anataka, Mama. Ana pesa zake."

 Hakuna alichokitaka Mama Mwanne duniani zaidi ya hicho alichoambiwa, kwamba mwanawe aliyebaki atakaa Kalemie. Ndiyo maana hakuliamini hata neno moja. Mtu akitaka kukudanganya vizuri, anaanzia na kile unachokitamani.

Akaanza kuchunguza. Seifu aliloweka mawe kwenye javel ya kufulia mpaka lupango lote la nyumba likanuka kama hospitali, akayasuuza, akayaanika. Akaleta mapipa, akakoroga chumvi yake maalumu ya kugeuza maji kuwa ya bahari, akayazamisha humo na kutia pompi ndogo ya kuzungusha maji. Halafu akafunika kila kitu kwa bashi nyeusi ya turubai. Alikuwa na vichupa pia. Anachota maji, anadondosha dawa, anakiinua kichupa juani kutazama rangi. Wanunuzi wa madini hupima hivyohivyo, mama aliwaza.

Lakini kilichomvunja kabisa ni kumkuta amefunua bashi, ameshika ndagala mmoja, dagaa wa ziwani, kutoka kwenye mzigo wa biashara wa mama yake mwenyewe, anamsaga kwa vidole na kumnyunyiza ndani ya pipa.

"Uko unalisha nani humo?"

"Mawe, Mama."

Hakucheka. Laiti angecheka.

"Ndani ya mawe kuna vidudu vidogo, macho hayavioni," akaendelea. "Vinakula uchafu wa samaki. Bila hivyo, samaki wanakufa na mavi yao wenyewe. Sasa ninavizalisha. Vikikaa vizuri, mawe yako tayari. Usifunue, Mama. Nakuomba."

Vidudu visivyoonekana! Mama Mwanne alikuwa amesikia habari za wachimbaji wanaomwaga damu ya kuku mlangoni mwa shimo ili shimo liwape. Kwa hiyo mwanawe hakurudi kwenye mawe tu, amefika mpaka kuyapa chakula. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu mama ung'ongo alikuwa nao mapipa mazima.

Seifu alipokwenda kukaa hotelini siku kadhaa kufunga vioo vya tangi, mama alimwita jirani yake Hénoc, mnunuzi wa madini, mwenyeji wa Manono. Hénoc akalipima jiwe mkononi, akalikwaruza kwa kisu, akalikamulia ndimu. Likatoa povu dogo.

"Mama, hii hapana kitu. Njo chokaa tu. Hata kujengea musingi haifai."

"Hapana kitu kabisa?"

"Kabisa. Ukitaka, nitakutolea yote na lori langu, bure, yasikujazie lupango."

Hénoc wa watu alikuwa anasema kweli tupu, na alitaka tu kumsaidia mjane. Lakini Mama Mwanne ameuza ndagala tangu ujana wake. Mnunuzi akikuambia mzigo wako umeoza, ujue ameshaupenda. Na huyu hakuishia kuuponda, anataka kuubeba bure! Kama kulikuwa na chembe ya shaka, hapo iliisha. Haya yalikuwa madini, tena ya thamani, na yangempeleka mwanawe alikopelekwa mwenzake.

Alishukuru kwa adabu, akamsindikiza Hénoc hadi barabarani. Kisha akarudi, akafunua bashi.

Hakutaka kuyatupa. Angeyaficha mpaka Seifu aseme ukweli. Ila yalikuwa yananuka kama ufuko wenye samaki aliyeoza, na nyumbani kwake kitu kinachonuka hakiingii. Akayatoa moja moja, akayasugua kwa brashi na sabuni, akayamiminia maji ya ziwa, akarudia na javel kidogo kwa usalama. Akayaanika kwenye chanja, kando ya ndagala zake, na jua la Kalemie halina mchezo. Yalipokauka kabisa akayatia kwenye magunia, akayasukuma chini ya kitanda. Mapipa akayajaza mawe meusi ya ufukoni, akafunika kama alivyokuta. Kazi safi. Alijisikia mwepesi kuliko alivyowahi kujisikia tangu msiba.

Siku samaki walipofika, Seifu akaja mbio kutoka bandarini, juu ya motokari ya kubeba mizigo, na maboksi yamefunikwa kanga iliyoloweshwa maji. Boti la Kigoma limeleta samaki. Mama hakuwa amewahi kumwona akitabasamu hivyo tangu azikwe kaka yake. Alifunua boksi moja, akamwonyesha mfuko uliovimba hewa. Ndani mlikuwa na samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, anamtazama.

Mama Mwanne aligeuza macho kwenye mapipa.

Seifu akaenda kwenye mapipa. Akafunua bashi. Akainua jiwe jeusi, akasema taratibu, "Mama, mawe yangu yako wapi?"

"Yapo. Hakuna hata moja lililopotea." Akayaburuta magunia kutoka chini ya kitanda. "Nimeyaosha hata."

Seifu alichukua jiwe, akalinusa. Lilinukia sabuni.

"Yamekufa," akasema.

"Jiwe linakufaje, baba?"

Seifu aligeukia maboksi. Samaki hawawezi kurudishwa Kigoma, na maji ya mifuko yana muda wake. Akayasuuza tena na tena, akayabeba hotelini, akawatia samaki kwa sababu hakuwa na pa kuwatia pengine. Alilala palepale sakafuni, akibadilisha maji mpaka chumvi ikaisha. Wale wa chungwa ndio waliotangulia kuelea. Wengine wakafuata, mbele ya wageni waliokuja kunywa bia, na Papa Blanchard akaamuru tangi likaushwe.

Mama Mwanne alikwenda mwenyewe kumwomba radhi Papa Blanchard. Bwana huyo alimsikiliza kwa heshima, akampa soda. Kazi hakuirudisha, na ile ya kuzamia Seifu alishaiacha kwa ajili ya tangi.

Jumatatu Seifu alikuwa anafunga begi. Mama alisimama mlangoni. Alitaka kusema amekosa, akasema, "Unakwenda wapi?"

"Manono," Seifu alijibu bila kuinua kichwa. "Hénoc ana nafasi kwa lori."

Safari hii alimwamini.